Kalinga na Mwisho wa Supu

Jumamosi gemu ilipoisha, watu wapatao arobaini walitoka kwenye banda la Sosthenes Kalinga pale Ipogolo bila hata mmoja kumuaga. Kwa watu wa Iringa, ambao salamu zao peke yake zinaweza kumaliza nusu ya asubuhi, hilo lilikuwa tusi. Kalinga alibaki na pedi ya kuchezea gemu mkononi, majina ya watengenezaji yakiendelea kupanda kwenye runinga, akajua kuna neno.

Neno lenyewe lilimfikia kesho yake kabla ya ibada. Walikuwa wanasema amewadanganya. Walikuwa wanasema gemu haikuisha vile.

Mtu asiyemjua Kalinga atauliza gemu ya kwenye runinga inawahusu nini watu wazima arobaini. Siku za kazi Kalinga ni fundi wa kuchomelea, na mageti yake yako Ipogolo nzima, mengine yamepinda kidogo, lakini hayo tuyaache. Jumamosi mchana anafagia banda, anapanga mabenchi, anacheza gemu mbele ya watu na kuitafsiri papo hapo. Watazamaji hawagusi pedi. Wanatafuna karanga na kumsikiliza. Wahusika wa Kizungu anawapa majina mapya, kila mmoja anamtolea sauti yake, na pale gemu inapopoa anaongeza chumvi. Watafsiri wote wanaongeza chumvi. Asiyeongeza anabaki na mabenchi matupu. Klipu zake zinatembea kwenye simu mpaka Igawa, mpaka Mbeya mjini, na wanaomjua kwa sauti ni wengi kuliko wanaomjua kwa sura.

Gemu iliyoleta balaa ina sehemu nne, na zilitoka moja moja kwa miaka tisa. Katika ya kwanza, mkokoteni wa nyumbu unamkanyaga mtoto kwenye kivuko cha mto, na mwenye mkokoteni anatoroka. Huyo Kalinga alimwita Kidevu, kwa sababu ya ndevu zake. Dada wa marehemu akaitwa Dada Mkali. Sehemu ya pili na ya tatu Dada Mkali anamsaka Kidevu milimani, porini, vitani. Watu walikuwa wameshapanga namna ya kumuua. Halafu inakuja sehemu ya nne, Dada Mkali anamkuta Kidevu mzee, peke yake kwenye kibanda katikati ya theluji, anaweka bunduki chini, anakaa, wanakunywa supu. Giza. Majina yanapanda.

Supu! Mji ulichafuka. Jailos, dereva wa lori aliyejifanya msemaji wa watazamaji, alikuwa na jibu tayari.

"Kalinga si wamemchagua mzee wa kanisa mwezi wa tatu? Basi. Sasa anatuhubiria kwa gemu. Dada Mkali amempiga risasi yule mzee, sema jamaa katupitisha haraka pale, akaweka supu yake."

Wengine walisema diski ni feki. Wengine walisema mwisho wa kweli umefichwa, kuna vitufe vitatu lazima ubonyeze pamoja kabla ya kuingia kibandani, na Kalinga anavijua ila hataki. Kutoka Mgololo walikuja watu sita wakiwa na barua ya malalamiko yenye sahihi thelathini, imeandikwa vizuri na kupigwa mistari chini ya neno "supu". Waliikabidhi kwa mikono miwili kama watu waliofundwa, wakakataa chai.

Kukataa chai kulimuuma Kalinga kuliko barua. Naye akaanza kushuku. Akamshuku Jailos kwamba anataka kufungua banda lake. Akamshuku Timotheo aliyemuuzia diski. Hata mkewe Bertha, alipouliza mezani kwa sauti ya kawaida kabisa kama kweli Wazungu wanaweza kumaliza hadithi namna ile, Kalinga alimtazama kama anamtazama mpelelezi.

"Na wewe umetumwa?" akamuuliza.

"Nimetumwa na nani, baba? Kula ugali, unapoa."

Lakini aliyemkosesha raha ni mama Matilda. Mama huyu aliuza karanga mlangoni pa banda tangu sehemu ya kwanza, na karanga zikiisha anaingia kukaa benchi la mbele. Mwanawe Adrian aligongwa na gari Igawa mwaka wa 2018, akiwa na pikipiki yake, akafa palepale. Wiki tatu baada ya kuzika, alirudi kwenye benchi lake. Kalinga hakumwuliza lolote, alimsogezea mto tu wa kukalia. Kati ya watazamaji wote, macho ya huyu ndiyo Kalinga alikuwa akiyatafuta kila alipomaliza kusema maneno mazito.

Jumatatu mama huyo alimfuata Kalinga karakana.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, mama. Karibu kiti."

"Sikai. Nikuulize kitu, usinifiche. Yule binti alikunywa supu na yule muuaji?"

"Alikunywa, mama. Haki ya Mungu sikuongeza hata tone."

"Mimi nakuamini," akasema. "Ila mdomo wako ukiniangusha, Kalinga, sijui nitashika wapi."

Kalinga akashusha miwani ya kuchomelea usoni, ingawa hakuwa na kitu cha kuchomelea.

Maana yeye mwenyewe alikuwa akijishuku. Baba yake alifanya kazi kiwanda cha karatasi Mgololo, na watu walichukulia kwamba mtoto aliyekulia kwenye karatasi lazima amesoma. Hakuwasahihisha. Kidato cha nne alipata F ya Kiingereza, na cheti hicho Bertha hajakiona mpaka leo. Kiingereza alichonacho kilitoka kwenye hizohizo gemu, mwaka hadi mwaka. Kwa sehemu ya nne kilikuwa kinamtosha. Kwa sehemu ya kwanza, hata kidogo.

Siku ya nne ukaingia ujumbe wa sauti kwenye simu yake, kutoka namba asiyoijua.

"Ugonile, kaka Kalinga. Naitwa Sekela, nafundisha Kiingereza sekondari huku Mbeya. Wanafunzi wangu wamegawanyika kwa sababu yako, hawasomi. Nimetafuta hiyo sehemu ya nne, nimeisikiliza mwenyewe mara tatu. Umetafsiri sawasawa, hongera. Ila nimesikiliza na ya kwanza, kaka. Pale kivukoni. Naomba na wewe ukasikilize, lakini zima mdomo kwanza."

Kalinga alikasirika mpaka masikio yakapata moto. Mwalimu anataka nini? Anataka kufungua ukurasa wake, atafsiri yeye? Nani kamwambia aingie sehemu ya kwanza, wakati ugomvi uko sehemu ya nne? Aliwaza hivyo mpaka saa nane mchana, kisha akafunga karakana, akaingia bandani peke yake, akaweka diski ya kwanza, na safari hii akawasha maandishi ya chini, ambayo miaka tisa iliyopita hakujua yanawashwaje.

Pale kivukoni Kidevu anasimama ng'ambo ya mto na kupiga kelele maneno machache. Mwaka 2015 Kalinga hakuyapata hata moja. Yule mtu aliongea haraka, maji yanavuma, na banda zima limenyamaza linasubiri. Ukinyamaza sekunde tano mbele ya watu, umekwisha. Akapaza sauti: "Nilimwona mdogo wako, nikapita juu yake kama napita juu ya jiwe, na wala sikugeuka!" Banda lililipuka. Maneno yale yakawa wimbo. Yakaandikwa kwenye makava ya pikipiki. Kila sehemu mpya ilipotoka, Kalinga alirudia ya kwanza kwa ajili ya wageni, na ikifika kivukoni watu wanasema wenyewe kwa pamoja, kwa nguvu, mpaka sauti ya gemu haisikiki. Sehemu ya pili na ya tatu ziliponena mambo yasiyopatana na maneno hayo, aliyapinda kidogo yakapatana. Hakuwahi kurudi kuhakikisha. Aliogopa atakachokuta.

Sasa alikuta. Alisoma polepole kwa kidole, kamusi ya mtoto wake pembeni. Kidevu anasema: nilisimama. Nilirudi kumbeba, nikamkuta ameshakata roho. Nikawaogopa watu wenu, nikakimbia.

Akaketi chini sakafuni. Ile supu, sasa, ilikuwa na maana yote.

Akampigia Sekela. Wakati huo Jailos na wenzake walikuwa wameshasema wanataka shahidi anayejua Kiingereza, aje Jumamosi, asikilize mwisho mbele ya watu. Sekela akakubali kupanda basi.

"Lakini, mwalimu, ile nyingine..."

"Mimi nitaulizwa mwisho, kaka. Nitajibu mwisho. Ya mwanzo ni ya kwako."

Hapo kamba ilikuwa mikononi mwa Kalinga mwenyewe. Akinyamaza, anatoka amesafishwa, banda linajaa kama zamani. Siku mbili alijiambia kwamba huo si uongo, ni chumvi, na chumvi ni kazi. Jumamosi asubuhi alikuwa karibu ameshajiamini.

Banda lilijaa hadi madirishani. Sekela alikuwa mwanamke mfupi mwenye koti kubwa na daftari, na alikaa kiti cha peke yake kama msimamizi wa mtihani. Kalinga alicheza kipande cha mwisho bila kusema neno. Kibanda, theluji, bunduki chini, supu. Sekela akasimama, akatafsiri sentensi kwa sentensi. Hakuna risasi, hakuna vitufe, hakuna mahubiri.

Jailos akajikuna shingo. "Basi, mzee wetu, tusameheane," akasema, bila furaha yoyote. Watu wakaanza kucheka kidogokidogo, mtu akampiga Kalinga begani. Alikuwa amepona. Ningekuwa mimi, ningezima mashine nikaenda kula.

Lakini mama Matilda alisimama pale benchi la mbele.

"Basi Kalinga hana kosa," akasema. "Mjinga ni huyo binti. Mtu aliyekutamkia maneno yale kivukoni, unakunywaje naye supu? Mimi nisingekunywa. Sikunywa."

Kalinga akainama, akatoa diski, akaweka ya kwanza.

"Kaeni," akasema. "Nyamazeni wote. Ikifika kivukoni, nawaomba, mtu asiseme."

Ilipofika, wachache walianza kwa mazoea, "Nilimwona mdogo wako...", wakazimwa na wenzao. Maji yakavuma. Kidevu akapiga kelele zake. Kalinga akasimamisha picha, akasema yale ya kwenye maandishi, yote, kwa sauti yake ya kawaida ya karakana. Kisha akasema: "Yale mengine niliyatunga mimi. Sikujua Kiingereza."

Mngeona! Miaka tisa walimwamini akisema uongo, sasa amesema kweli wakataka kumla.

"Ahaa! Ndiyo maana wameleta mwalimu!" Jailos alipanda juu ya benchi. "Wamekaa wakapanga! Mwisho umekataa kuingia, sasa anakata mwanzo ili ufanane!"

"Maandishi hayo umeyaweka leo!"

"Mwalimu, umepewa nini?"

Sekela alijaribu kueleza, hakusikika. Kalinga aliapa, akaapa tena, na kadiri alivyoapa ndivyo walivyozidi kukazia macho. Mmoja wa wale wa Mgololo alisema kwa huzuni ya kweli kabisa kwamba mtu akishaanza kuharibu hadithi yake mwenyewe, huyo amerogwa. Wakatoka, na mlangoni, kwa kumkomoa, walipaza kwa pamoja: na wala sikugeuka! Sekela akafunga daftari, akamshika Kalinga mkono, akaenda kuwahi basi la Mbeya.

Mama Matilda hakutoka. Alikuwa amekaa, ungo wa karanga mapajani.

"Wewe huniamini pia, mama?" Kalinga akauliza.

"Nakuamini." Aliokota ganda moja kwenye ungo, akaliangalia. "Yule dereva wa Igawa alikuwa mtu wa Mbeya. Alituma wazee mara mbili, mara ya tatu akaja mwenyewe na mchungaji. Akapiga magoti pale nje kwangu. Akasema alisimamisha gari, akarudi kwa miguu, akamkuta Adrian ameshakata roho, akaogopa watu watamchoma, akakimbia."

Kalinga akakaa benchi moja naye.

"Nikamwambia, mnajifanya kurudi mkishaonekana. Nikamwambia nimeshawasikia watu kama nyinyi wanachosema wakiwa ng'ambo. Nikamsemea maneno yako, Kalinga, yote, mpaka lile jiwe. Mchungaji akamwinua, wakaondoka hawajanywa hata maji."

"Mama, tutamtafuta," Kalinga akasema. Alikuwa analia bila kujificha. "Nitakwenda mimi. Nitamweleza ni mimi."

"Alikufa mwaka jana, mwezi wa tano. Waliniletea taarifa. Sikwenda kuzika."

Nje wale watu walikuwa bado wanabishana, sauti zao zinaelekea barabara kuu. Mama Matilda aliweka ungo chini, akajivutia khanga mabegani.

"Rudisha pale," akasema. "Anaposema alirudi. Halafu na wewe usitafsiri."