Mkimbiaji Aliyevishwa Njuga

Nilipopangiwa kufundisha katika kijiji cha ujamaa huko Runazi, chumba cha pili cha nyumba ya walimu kilikuwa cha mgeni kutoka taifa la visiwa ambalo, katika ramani ya darasani, jina lake lilichukua nafasi kubwa kuliko ardhi yake. Alifundisha hesabu. Alikuwa pia mkimbiaji wa masafa marefu wa nchi yake na, aliniambia bila majivuno, nchi hiyo haikuwa na mwingine. Kila alfajiri alikimbia kuelekea Kaniha, akarudi kabla ya kengele ya shule. Mashindano ya mataifa yalikuwa yanakaribia.

Kisha vita vikaanza kaskazini. Kijijini kwetu mtu hakukimbia bila sababu: ukimwona anakimbia, kuna moto, chui au adui, nawe unapiga yowe na kukimbia. Asubuhi moja alipopita akitokwa jasho, nusu ya kijiji iliingia porini.

Jioni uliitishwa mkutano. Mama mmoja, kanga yake ingali na matope ya bondeni, alisimama.

"Mwalimu, nimeacha maharage motoni, mtoto nimembeba kichwa chini. Ulikuwa unakimbia nini?"

"Nakimbia tu, mama."

"Tu! Mtu mzima na ndevu zake anakimbia tu!"

Watu walicheka. Mwenyekiti hakucheka, alimkataza kukimbia mpaka vita viishe. Mwenzangu aliinama akayatazama magoti yake. Bila mazoezi, nchi yake isingekuwa na mtu wa kumpeleka.

Ndipo mcheza ngoma mmoja, Msukuma aliyehamia kutoka Shinyanga, akauliza, "Ndugu mwenyekiti, adui anaweza kutuvamia amevaa njuga?"

"Hawezi. Atasikika."

"Basi huyu tumvishe."

Alivishwa miguuni, na alfajiri iliyofuata akakimbia. Hata sasa, katika masomo ya uzamili yanayonidai nifafanue kila neno, sijapata neno la nilichohisi alfajiri ile. Hofu haikuwa, heshima ni neno dogo. Mlio ulianza mbali, mwembamba, ukakua, ukapita nyumba hadi nyumba, na hakuna aliyeshtuka. Wanawake waliendelea kukoka moto. Chuma kile kilikuwa kizito, nilikipima mkononi, lakini mwendo wa mwenzangu haukupungua hata mlimani.

Alisafiri, akashindana, akarudi amekonda. Mama yule wa maharage ndiye aliyemwahi.

"Umekuwa wa ngapi?"

"Wa pili kutoka mwisho."

"Kumbe nyuma yako alikuwepo mtu! Wa nchi gani?"

"Kubwa sana, mama."

Mama akapiga vigelegele, majirani wakatoka. Mwenzangu, ambaye nadhani alikuwa amejiandaa kuomba radhi, aliushusha mzigo wake chini.

"Sasa kalale," mama akamwambia. "Kesho ukimbie. Tangu uondoke tunachelewa kuamka."