Chepeo cha Mwalimu

Ilikuwa mwaka wa arubaini na sita. La, arubaini na saba, maana mgomo wa bandarini ulikuwa umeshapita. Mwalimu wetu wa Kisauni aliwafunza wanafunzi wa mwaka wa mwisho namna ya kuhojiwa na wakubwa wa chuo cha Makerere, kama alivyowahi kuhojiwa yeye ujanani. Akivaa chepeo chake kuukuu tu, basi keshakuwa Mzungu. Atakohoa, atagonga meza kwa vidole vyeupe kwa chaki, kisha aulize kwa Kiingereza cha puani: "Tukikupa nafasi, utakuja?"

"Inshallah, bwana," hujibu Idarus, mmoja wa wanafunzi hao.

"Umeshaikosa! Mzungu atadhani una shaka. Inshallah iweke moyoni, mdomoni sema ndiyo!"

Kila jioni chepeo, kikohozi, meza. Na kila jioni ulimi wa Idarus huteleza, wenziwe wakavunjika mbavu. Siku yenyewe alijikaza, akasema ndiyo. Nafasi akapata, na vigelegele vikasikika hadi Mtopanga.

"Mwalimu, utanisindikiza stesheni?"

"Inshallah!" Akajiziba mdomo, wakacheka wote wawili hadi machozi. Ndipo Idarus akauliza: "Na wewe, mwalimu, walipokuuliza, uliwajibuje?"