Ukwaju katika Chupa ya Siki

Ndimu sita, kijiko kimoja cha asali kwa kila ndimu mbili, ukwaju wa kujaa kiganja, chumvi, tangawizi iliyopondwa, na mafuta ya nazi yaliyopikwa asubuhi hiyohiyo. Hivyo ndivyo mama yangu alivyotengeneza sosi yake ya saladi kule Mutsamudu, kisiwani Nzuwani, akaimwagia juu ya matango na embe mbichi zilizokatwa nyembamba. Asali aliletewa na mtu wa kijiji cha Patsy, na hakuinunua hata siku moja bila kumwambia kwanza kwamba nyuki wake ni wavivu. Kupatana bei nilijifunzia hapo, mlangoni, mdomo ukiwa umejaa embe.

Nilipooa kule Moroni, kisiwani Ngazija, nilihamia kwa mke wangu. Visiwani kwetu nyumba ni ya mwanamke: mwanamume huingia na sanduku lake, na wakimchoka hutoka nalo. Langu lilikuwa na suruali tatu, mashati manne na chupa mbili za asali ya Patsy. Tena kuna adabu ya mkwe na mama mkwe, kwamba wasionane uso kwa uso. Wangu alizungumza nami kupitia ukuta wa makuti uliotenga jiko na ua. Sauti yake niliijua kuliko ya redio. Sura yake nilikuwa nimeiona mara mbili, na ya pili ilikuwa bahati mbaya.

Baba mkwe alikuwa karani wa serikali kwa miaka mingi. Uhuru ulipokuja alishangilia kama sisi sote. Kisha wakaja vijana wa mapinduzi na kamati zao, ofisi zikafungwa, makarani wakaambiwa waende wakalime. Yeye hakuwa hata na jembe. Kila adhuhuri aliketi mezani amefunga tai, akingoja mlo aliouzoea tangu enzi za Wafaransa: kwanza majani ya saladi yaliyotiwa siki ya chupa, ndipo mengine. Sasa siki ilikuwa imetoweka madukani pamoja na Wafaransa wenyewe. Majani yakaletwa makavu, bila siki. Akayatazama, akayasukuma, na kwa kuwa la kwanza halikutimia, la pili halikuguswa. Mtu wa ofisi haruki hatua.

Shingo ikawa nyembamba ndani ya kola. Nikahesabu matundu ya mkanda wake: alikuwa amefika la nne. Nikahesabu tena. La nne, na la tano lilikwisha kutobolewa kwa msumari.

"Mkwe," ukuta uliniambia siku moja. "Wewe unayejua kila kichochoro cha soko, siki hamna?"

"Hamna, mama. Nimefika mpaka Itsandra, nikarudi kwa njia ya Ntsoudjini."

"Basi nitamzika mtu aliyekufa kwa kukosa maji makali."

Nilidhani anatania, nikacheka. Upande wa pili nikamsikia akipenga kamasi.

Jioni hiyo nilifungua sanduku, nikatoa asali. Chupa tupu ya siki ilikuwa bado kabatini na karatasi yake ya Kifaransa. Mimi ni mtu wa biashara, sijawahi kuita kitu kwa jina lake iwapo jina jingine linavutia zaidi. Nikaijaza ile chupa sosi ya mama yangu, nikaiweka mezani kesho yake.

"Baba, nimeipata bandarini. Ya mwisho."

Akamimina. Akatafuna jani moja polepole, akachukua la pili. Jikoni hata mwiko ulinyamaza. Kwenye jani la tatu akasita, akatoa mdomoni uzi wa ukwaju, akaulaza ukingoni mwa sahani kama hati ya ushahidi.

"Huko Ulaya wanapanda mikwaju siku hizi?"

"Huenda, Baba. Dunia inabadilika."

Hakucheka. "Redio inanidanganya asubuhi. Wale vijana wa kamati wananidanganya jioni. Adhuhuri ndiyo iliyokuwa imebaki."

Akasukuma sahani. Nimewahi kupunjwa na watu wengi, lakini sijawahi kujiona mpunjaji kama siku ile. Mtu anakonda, nami nimekwenda kumwongezea uongo.

Kwa kuwa sikuwa na jingine la kuuza, nikamwambia ukweli: ndimu, ukwaju, tangawizi, mama yangu, mtu wa Patsy. Akanisikiliza kama anayesomewa faili.

"Asali kiasi gani?"

"Vijiko vitatu."

"Vingi. Ninyi watu wa Nzuwani mnataka kila kitu kiwe peremende."

"Na ninyi wa Ngazija mnataka kila kitu kiwe adhabu."

Akanitazama. "Nionyeshe."

Akainuka, akaenda jikoni na tai yake, nami nyuma yake. Mama mkwe ikambidi alikimbie jiko lake mwenyewe tusije tukakutana, akazunguka hadi uani, akawa yeye sasa anayesimama upande wangu wa ukuta. Huko, jicho kwenye upenyo wa makuti, hakukaa kimya.

"Kisu si hicho! Hicho ni cha samaki!"

"Tumesikia," akasema baba mkwe.

"Na hayo ni maji ya kuoshea mchele!"

Tukaanza upya. Alikamua ndimu mwenyewe, akatoa mbegu moja moja. Ukwaju aliuchuja kwa kitambaa mara mbili, kwa sababu, alisema, karatasi chafu haitoki mezani kwake. Nilipoinua chupa ya asali akanishika mkono. Tukavutana, tukapatana kijiko kimoja na nusu, na nusu yangu nikaifanya ndefu. Akaonja. Akaongeza ndimu. Akaonja tena, akageuka kidogo, akaongeza asali.

"Nimeona, Baba."

"Hukuona kitu."

Akala amesimama, kando ya mafiga, bakuli kifuani. Alikula majani yote, kisha akafuta sosi iliyobaki kwa kidole. Ncha ya tai ilizama ndani, hakuitoa. Alipomaliza akainua uso kuelekea ukutani.

"Na samaki yuko wapi? Au naye amefukuzwa kazi?"

Nilisikia mtu akivuta pumzi ndefu, ya kukatikakatika, na makuti yakatikisika alipoyaegemea.

"Yumo chunguni, baba watoto," sauti ikasema mwishowe. "Nitoleeni miguu yenu jikoni nije nimpakue."