Solange Hakunyamaza Tena

Mara ya kwanza Solange alinyamaza, na kule kunyamaza kulikaribia kumuua. Mama-mukwe wake, Mama Débora, ndiye alimukataza: "Mimba haisemwe mbele ya miezi tatu. Macho ya watu iko mubaya."

Solange ni mushonaji pembeni ya soko. Siku moja tumbo ikamukata upande wa kuume, akaangukia juu ya mashini yake. Ku poste ya afya munganga akamupatia dawa ya minyoo. Hakuuliza damu ya mwezi ilikosa tangu lini! Solange naye akafunga mudomo, kwa heshima. Kesho yake wakamupeleka ku hospitali, wakamupasua mbio. Mimba ilikuwa imekaa inje ya kizazi, mu mushipa moja ya ile mbili ya kupitisha mayai, na mushipa ulikuwa umepasuka. Bwana yake Félicien akamutolea damu. Ule mushipa wakaukata, akabaki na moja tu.

Mwanamuke akizala, siye wamama wa kanisa tunamubebea uji, kuni na maji ya moto. Kwa Solange hakuna aliyefika. Mungu atusamehe. Munganga alimukataza kubeba kitu kizito juma sita, lakini juma ya pili alikuwa tayari kwenye bomba, bidon ya maji ku kichwa, kovu inamuvuta, na Mama Débora anacheka: "Ulizala nini, hata ulale kama muzazi?"

Mwaka uliofuata damu ikachelewa juma mbili. Solange hakungoja. Akaenda ku centre ya afya ya kata, Mama Débora akimufuata na kumuvuta kitenge.

"Mama, ni mapema sana," munganga Théodore akasema bila kuinua macho. "Rudia miezi tatu."

"Sirudi. Ule aliyenipasua alisema: damu ikichelewa, kuja mbio, waangalie na mashini ya eko, ile inaonyesha ndani ya tumbo, kama mimba iko mahali yake."

"Unatupatisha haya mbele ya watu!" Mama Débora akanongona.

Hapo Solange akageukia benchi yote ya wamama na kufunua kovu yake. "Haya gani, Mama? Nilikuheshimu, wakanipasua. Mushipa iko moja. Huu ukipasuka, utanizika na heshima yako?"

Muzee mwanamuke moja akapiga mikono. "Munganga, muangalie mutoto wa watu! Ao unaogopa mashini itachoka?"

Benchi ikacheka. Théodore hakucheka, lakini akafungua mulango wa chumba ya eko.

Mu kioo ya mashini, mu katikati ya kizazi kabisa, alama ndogo kama mbegu ya maharagi ilikuwa inapigapiga.

"Iko mahali yake," Théodore akasema, sasa kwa sauti ya mutu.

Solange akalia, akashukuru Mungu. Lakini hasira haikuisha. Ku mulango Mama Débora akamushika mukono: "Sasa tunyamaze kwanza, binti yangu."

Solange akatazama benchi.

"Wamama! Iko mimba, juma sita, na iko mahali yake!" Kisha akamurudilia mama-mukwe wake: "Na bidon ya maji, Mama, tangu leo utabeba weye."