Wimbo Uliojiitikia Wenyewe

Ipo alasiri moja ambayo hainitoki, mwanangu, na nataka nikusimulie kabla hujakabidhiwa ufunguo wa chumba kile cha redio. Usicheke kwa kuwa nakuita mwanangu ilhali mimi na wewe tungeweza kukaa dawati moja. Neno hilo nalo nilipewa alasiri hiyo hiyo, na aliyenipa hakuniuliza umri.

Chumba chenyewe unakijua. Kiko ubavuni mwa bwalo la chuo, kuta zimebandikwa sponji za magodoro, na mlingoti umesimamishwa juu ya tangi la maji kwa kuwa hapakupatikana mahali pengine pa juu. Tukiwa hewani twasikika Msambweni yote, Gazi, Ramisi, na siku hali ya hewa ikitupenda, hata Lunga Lunga. Kinango hawatupati. Vilima vya Shimba vimekaa katikati na hatuna la kuvifanya. Kipindi changu kilikuwa cha Jumamosi baada ya sala ya alasiri, saa ya waimbaji wa huku kwetu wasio na kampuni wala meneja, wale wanaorekodi katika vyumba vya kupanga Ukunda na kutuletea nyimbo zao kwenye simu.

Nilikuwa mtu wa kuuliza, na sidhani nimeacha. Kwa nini stesheni kubwa zipige nyimbo zile zile kutwa? Kwa nini kijana wa Kinondo awapigie gitaa wageni wa hoteli za Diani kila jioni, na wimbo wake mwenyewe asiusikie mahali popote? Kwa nini nyimbo ambazo mama zetu huimba ndani zibaki ndani? Hata kipindi changu nilikitilia shaka. Je, twapiga nyimbo hizi kwa kuwa ni nzuri, au kwa kuwa ni zetu? Swali hilo halijapata jibu mpaka leo, na sikushauri uliache.

Ndipo akaja Mejumaa. Alikuwa msichana wa kazi ya kufua katika hoteli moja ya Diani, kukunja mashuka na taulo kutwa nzima. Aliondokewa na wazazi mapema, akalelewa hapa Msambweni na shangazi yake, Bi Mwanakombo, ambaye harusini ndiye mwimbishaji: yeye huita, wanawake wengine huitikia. Mejumaa alikuwa amechukua wimbo mmoja wa nyumbani, ule wa kumtoa bibi harusi, akaupeleka kwa kijana mwenye kompyuta Ukunda, naye akautilia gitaa la taratibu na ngoma ya mbali. Maneno yake, nikiyatoa kwenye Chidigo chetu, ni machache. Bibi harusi akiwa karibu kuvuka kizingiti huitiwa kwa niaba yake, "Nani yuko nyuma yangu?" Na wanawake wa kwao hujibu, "Tuko, mwana, tuko."

Sasa Mejumaa hakuwa na waitikiaji pale Ukunda. Kwa hiyo alijiitikia mwenyewe. Kompyuta iliichukua sauti yake ikaipanga tabaka juu ya tabaka, mpaka ukasikia kama umati mzima wa kina Mejumaa. Mimi niliupenda mno. Niliufungulia kipindi, nikaufungia kipindi, na simu hazikukatika. Bwana mmoja wa Gazi alisema alisimamisha pikipiki kando ya barabara ausikilize mpaka mwisho. Mejumaa, aliyekuwa amekaa pembeni yangu, alijifunika uso kwa leso akacheka.

Haikupita wiki akanitumia ujumbe. Niuondoe wimbo, haimbi tena, shangazi hataki kumwona nyumbani.

Nilikasirika, na hasira ikaniandikia hotuba. Nilijua, au nilidhani najua, wazee watasema nini: sauti ya mwanamke redioni, mtoto wa Kiislamu, aibu kwa ukoo. Kwa kila neno nilitayarisha jibu. Kwa hiyo Bi Mwanakombo alipopiga hodi alasiri ile, na wenzake wawili nyuma yake, nilikuwa tayari kabisa. Tulimwamkia, mimi na Hamisi fundi mitambo, akaitikia shikamoo zetu, akakaa kwenye kiti cha wageni, akasema tumpigie wimbo wa mtoto wake.

Aliusikiliza akikitazama kipaza sauti kama mtu amtazamavyo mgeni asiyejitambulisha. Ulipokwisha akauliza:

"Hao wanaomwitikia ni kina nani?"

Nikamweleza kuwa ni Mejumaa mwenyewe, kwamba siku hizi mtambo waweza kuirudia sauti.

"Wote?"

"Wote, bibi."

Akawageukia wenzake. "Mmesikia? Kumbe nimekufa na sikuambiwa."

Mmoja wao, mama mnene wa uso wa ucheshi, akasema basi mazishi yasiwe Ijumaa, maana Ijumaa ana harusi. Bi Mwanakombo hakucheka.

Hapo ndipo alipotueleza. Kwao, wimbo ule hauimbwi bila watu wa bibi harusi kuitikia. Kama binti amefiwa na watu wa kwao wote, wimbo huachwa, hutafutwa mwingine, ili asiulize jambo lisilo na jibu. Mtu kujiitikia mwenyewe katika wimbo ule ni kutangaza kwamba hana watu. Na Mejumaa alitangaza hivyo redioni, kutoka Gazi hadi Ramisi. Tangu Jumamosi majirani walikuwa wakipita kwa Bi Mwanakombo mmoja mmoja, kwa adabu zote, kumuuliza amemkosea nini mtoto wa marehemu kaka yake.

Hotuba yangu haikuwa na pa kushikia. Kuhusu sauti ya mwanamke redioni hakusema neno. Lakini mimi si wa kunyamaza, nikamwambia Mejumaa hakukusudia ubaya, alikuwa peke yake, na nikamuuliza kama wao wangeitwa pale Ukunda wangekubali kwenda.

"Tuliitwa?" akasema.

Nikajishughulisha na nyaya za mezani, naye akaendelea:

"Mwanangu, nyinyi mwauliza sana. Nakusikia kila Jumamosi. Waiuliza serikali, waziuliza hoteli, watuuliza sisi wazee. Lakini mwaulizana wenyewe kwa wenyewe, humo humo chumbani. Nyumbani kwangu ni hapo nyuma ya soko. Hakuna aliyeteremka akaniuliza wimbo huu huimbwaje."

Ningeweza kuishia hapo, na simulizi yangu ingekuwa nyoofu: mzee amesema, kijana amefunzwa. Lakini kulikuwa na swali lililobaki. Nikamwomba radhi kwanza, kisha nikamuuliza kama yeye alipoona Mejumaa anatokatoka, alimuuliza anakwenda wapi.

Yule mama mnene akaanza kuvitazama viatu vyake. Bi Mwanakombo alikaza leso kifuani.

"Nilidhani ni mwanamume," akasema. "Sikuuliza, nisije nikajibiwa."

 Alipoinuka kwenda zake alisimama mlangoni, akakishika kitasa. "Jumamosi mlango huu msiufunge," akasema. Hakusema kama atakuja. Nilitaka kumuuliza, lakini alikuwa ameshafika kwenye mabomba ya maji.

Siku ya pili nilikwenda Diani, nikamngoja Mejumaa kwenye geti la nyuma wanakotokea wafanyakazi. Nilimpa habari kama zilivyokuwa, sikuzitilia sukari. Nikamwomba aje aimbe moja kwa moja, bila mtambo wa kumwitikia. Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa aruke kisimani.

"Nikiita asiitike, dada, itakuwa hewani," akasema. "Hapo watu watajua kweli sina mtu."

Alikuwa na haki, na sikuwa na la kumhakikishia. Rekodi haiwezi kumkataa mtu, lakini shangazi aweza. Nilimwambia tu kuwa mlango utakuwa wazi. Akaniambia wao wakifua shuka la mgeni hawajui amelilia au amelicheka, wao hulikunja tu, na amechoka kuishi hivyo. Sikujua hayo ni majibu ya ndiyo au ya hapana.

Jumamosi alikuja, buibui limepigwa pasi, uso hauna rangi. Mlango tuliuacha wazi, na kila kitu cha bwaloni kikaingia: sahani, viti, mpishi akimwita mtu. Maikrofoni imekaa upande wa ukuta, kwa hiyo Mejumaa aliupa mlango mgongo, na hivyo ndivyo ilivyotakiwa, maana bibi harusi katika wimbo ule hageuki. Mimi nilikaa nikiutazama mlango. Hamisi alikuwa na rekodi ya Ukunda tayari kwenye kompyuta, kidole juu ya kitufe. Tuliafikiana kwamba ikitokea kimya, ataiingiza. Utafundishwa hivyo nawe: kimya hewani ni msiba, kizibe na chochote.

Walikuja. Niliwaona wakijipanga kwenye ujia, penye ubao wa matangazo, wengi kuliko siku ile, leso zao zikiwa za sare. Bi Mwanakombo alisimama mbele yao, mikono imefungwa kifuani. Mejumaa hakuweza kuwaona, na mimi sikuweza kumwambia.

Akaita, "Nani yuko nyuma yangu?"

Kimya.

Nilimtazama Bi Mwanakombo. Mdomo wake haukutikisika. Wale wa nyuma walikuwa wakimtazama yeye. Hamisi akanigeukia, macho yamemtoka. Nilimwona Mejumaa akishusha mabega, taratibu, kama mtu anayetua mzigo alioutarajia. Sijui kwa nini nilitikisa kichwa. Hamisi akaondoa kidole.

Mejumaa akaita tena. Safari hii haikuwa sauti ya kuimbia. Ilikuwa sauti ya mtu anayetaka kujua.

"Tuko, mwana, tuko."

Haikuwa nzuri, nisikudanganye. Sauti zilipita kiasi, taa za mtambo zikawa nyekundu zote, mmoja wao akakohoa katikati ya neno, na bwaloni mtu akaangusha mwiko. Wakaendelea hivyo hivyo, yeye akiita na wao wakiitikia, mpaka wimbo ukaisha. Ndipo Mejumaa akageuka. Nilitarajia machozi. Bi Mwanakombo alikuwa ameshaingia ndani, ameshamshika mkono na kuupima kwa vidole.

"Umekonda," akamwambia. "Huko hotelini hamli?"

Na maikrofoni ilikuwa bado wazi.

Baadaye nilimuuliza Bi Mwanakombo kwa nini alitutesa mara ya kwanza. Akasema mwito wa kwanza haujibiwi. Bibi harusi sharti aulize tena, ijulikane kuwa anauliza kweli. Katika rekodi Mejumaa alikuwa amejiitikia papo hapo, na hilo nalo, akasema, lilimkera. Ni mila, au aliitunga pale pale ili tusijue kwamba alisita? Nilimuuliza yule mama mnene. Alicheka tu akanigonga begani.

Simu ya mwanzo kuingia ilikuwa ya bodaboda mmoja wa Ramisi. Alisema pale stendi walikuwa wameinua sauti, na kimya kilipozidi hawakustahimili, wakaitikia wao, wanaume watupu juu ya pikipiki zao. Bi Mwanakombo alipoambiwa alisema hawa hawajui wimbo, lakini alisema akitabasamu.

Mejumaa bado anakunja mashuka Diani. Bado anaimba, na Jumapili akienda Ukunda shangazi anajua anakokwenda. Ile rekodi ya kwanza anayo, na vijana wengi waipenda kuliko ule uimbaji wa mlango wazi. Bi Mwanakombo mpaka leo hakubali kuuita wimbo. Sidhani redio yetu ilimpatanisha mtu na mtu. Labda wangepatana wenyewe, kwa muda wao. Lakini najua tungeweza kuwazuia kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Basi hili ndilo ninalokuachia pamoja na ufunguo. Watu watakuletea nyimbo walizozitengeneza peke yao, katika vyumba vya joto, wakijiitikia wenyewe kwa kuwa hawakujua wamwite nani. Kuzirusha hewani ni kazi rahisi, mtambo wenyewe waiweza. Kazi yako wewe ni kuitikia, na mtu haitikii kitu asichokisikiliza. Uliza kila kitu, mwanangu, usiogope kuitwa mjuaji. Uulize hata haya ninayokuambia. Ila swali lako ulitoe chumbani, uteremke nalo mpaka nyuma ya soko, umuulize mwenyewe, nawe ukubali kuulizwa. Na wimbo wa hapa kwetu ukiuona haujaiva, mwambie mwenyewe usoni kwa upole, kisha umfungulie mlango tena Jumamosi ijayo. Kimya kikikujia hewani, usikimbilie kukiziba. Pengine kuna mtu ujiani anayejiandaa kusema.

Mwenyezi Mungu akupe masikio mapana na mkono usio na pupa. Waje kwako wenye nyimbo na wasiondoke wapweke kuliko walivyokuja. Na siku itakapokuwa zamu yako kuita, ukaita tena, wako wawe wamesimama nyuma yako. Amin.