Siku Goti Langu Lilipopimwa

Iko siku moja sijaisahau, mwanangu, ingawa mengi ya utotoni yamenitoka. Ni siku goti langu la kushoto lilipopimwa sawasawa. Sasa kwa kuwa umemaliza masomo ya udaktari na Jumatatu unaanza kazi katika hospitali ya Nunguni, nataka uende nayo.

Nilikuwa msichana wa shule ya msingi huko Tseikuru, mnene kidogo, na likizo zote nilichunga mbuzi wetu. Goti likaanza kuuma. Mama akalikanda kwa maji moto ya chumvi. Kanisani wakaniombea. Kwenye zahanati nikapewa tembe na dawa ya kupaka bila mtu kunigusa. Kwa kuwa goti halikuvimba, watu walianza kuchoka nami. Hata baba, na alivyonipenda, alisema pengine nimechoka na mbuzi tu. Maneno hayo yaliniuma kuliko goti.

Mama hakukata tamaa. Alinipeleka hospitali moja mjini Mwingi, na huko tukampata Daktari Mutua, mzee mpole mwenye mvi.

"Mwende, hebu tembea mpaka dirishani nikuone."

Nikachechemea, mguu umegeukia nje. Akanilaza kitandani, akaniuliza goti gani linauma. Nikamwonyesha, nikauma meno nikingoja uchungu. Kumbe alianza na lile lingine! Aliyatazama yote mawili yakiwa yamelala sambamba. Akapitisha mgongo wa mkono wake kusikia kama kuna joto, akabonyeza taratibu kuzunguka kifuniko cha goti lililouma akitafuta maji, akalikunja, akalinyoosha, akalisukuma huku na huku kuona kama kano zimeshika. Muda wote macho yake yalikuwa usoni pangu.

"Mwaitu, goti hili ni zima," akamwambia mama, akimwita "mama" kwa Kikamba, kwa heshima ya kwetu.

Nikaanza kulia. Nilijua hata yeye ameniona mwongo.

"Kwa hivyo anatudanganya?" mama akauliza kwa sauti ya chini.

"Hapana, anasema ukweli. Mimi ndiye bado sijamaliza."

Akakunja paja langu, akaligeuza kidogo kutoka kwenye nyonga. Nilipiga yowe hadi mama akasimama. Daktari akaacha mara moja, akanipa pole. Alieleza kwamba kichwa cha mfupa wa paja kilikuwa kinateleza kutoka mahali pake, na uchungu wa nyonga ulikuwa unashukia gotini.

"Asikanyage tena chini. Kuanzia sasa anabebwa. Tukichelewa, atalemaa."

Picha ya eksirei ilipopigwa ikaonyesha hivyo hivyo. Nilipelekwa hospitali kubwa, nikapasuliwa, nikawekwa chuma. Baba alipofika wodini alikaa ukingoni mwa kitanda, hakuweza kunitazama. "Nisamehe, Mwende," akasema. Nilimshika mkono. Sikuwa na hasira. Nilifurahi tu kwamba nimeaminiwa. Mguu huo umenipeleka shambani na kanisani miaka yote hii, na ndio ulionibeba nilipokuwa na mimba yako. Kila nikiinuka asubuhi namshukuru Mungu kwa ajili ya yule mzee.

Kwa hivyo, mwanangu, mtu akikwambia ni goti, mwamini kwanza, kisha utafute. Mtazame akitembea kabla hajalala. Funua miguu yote miwili na uanze na ule usiouma, ili ujue uzima wake ukoje. Tazama kabla ya kugusa, na mkono wako uende polepole, kwa sababu uso wa mgonjwa utakwambia mengi asiyoweza kuyasema. Ukikuta goti halina kasoro, usimrudishe nyumbani. Panda juu, ipime nyonga, na akiwa ni mtoto usithubutu kuiacha. Palipo na foleni ndefu utajaribiwa kuruka hatua, usiruke.

Mungu aipe mikono yako upole na macho yako subira. Wanaokuja kwako wakiwa hawaaminiwi hata na watu wao, waondoke wakijua kuna aliyewasikiliza. Nenda salama, mwanangu. Nakushukuru kwa kuichagua kazi hii.