Siku Niliposhukuru kwa Ajili ya Kaa

Wiki mbili zilizopita nilimwita mtoto wangu mwongo mbele ya watu, naye alikuwa akisema kweli. Nakueleza wewe kwa sababu mama mkwe sijathubutu kumwambia, na mume wangu nimemwambia nusu tu.

Tulikuwa tumetoka Uvira, mimi na binti yangu wa miaka saba, tumeteremka mjini Baraka kumsalimu mama mkwe. Sokoni nikamkuta mama mmoja wa Ubwari ana beseni la kaa wazima, wanapandana, wanakwaruza bati kwa miguu. Ule mlio ulinisimamisha pale pale, watu wananisukuma kwa nyuma, mimi sitoki. Sasa ujue, mama mkwe anasali katika kanisa linalokataza kaa na kila kitu cha majini kisicho na magamba. Mimi mwenyewe nilikulia katika kanisa hilo hilo, na hata leo nimeandikwa humo. Nikawanunua hata hivyo. Nikaenda kuwapika kwa rafiki yangu tuliyesoma naye, na binti yangu akala mpaka mchuzi ukamfika kwenye viwiko.

Kesho yake mchana mama mkwe akaalika wageni wa kanisa, akatupikia samaki wa mikeke na bugali. Mtoto akasema, mdomo umejaa: "Nyanya, samaki iko tamu. Lakini ile kaa mama alipika jana ilikuwa tamu kupita."

Mama mkwe akaniangalia. Nikacheka, nakwambia, nikacheka kwa sauti kubwa. "Huyu mutoto ni mwongo! Bongo tu, kila siku bongo!" Wageni nao wakacheka, wakasema batoto ba leo banajua kutunga. Binti yangu akaniangalia, akaliweka tonge lake kwenye sahani, na hakuligusa tena.

Tangu siku ile nyanya yangu hanitoki kichwani.

Huyo ni mama aliyemzaa mama yangu, na ndiye aliyenilea, miaka ile watu walipokuwa wakirudi kutoka Tanzania walikokimbilia vita na kufyeka upya viwanja vyao. Tulikaa pembeni ya Baraka, upande wa vilima, na nyuma ya nyumba kulikuwa na kijito kinachoshuka kwenda ziwani. Maji yake yalikuwa baridi hata saa sita mchana, na unaona mawe yote mpaka chini. Chini ya mawe hayo ndipo kaa walipokaa. Tulikwenda asubuhi, umande haujakauka, nyanya amefunga kitenge juu ya magoti, mimi nashika kitunga. Yeye anainua jiwe taratibu, mimi naingiza mkono. Mara ya kwanza kaa alininasa kidole, nikapiga kelele zilizofika barabarani. Nyanya alicheka mpaka akakaa majini. "Mushike kwa mugongo! Kwa mugongo, we mutoto! Unamupa mukono, umekuja kumusalimia?"

Jike mwenye mayai tumboni alirudishwa chini ya jiwe lake, na jiwe lenyewe lilirudishwa vile lilivyokuwa. Ole wako uliache limepinduka. Nyanya alikuwa mkali kwa mambo hayo kuliko kwa sala.

Hatukuwapika nyumbani kwetu. Tuliwapeleka kwa mama jirani, Mkatoliki mmoja mnene, mwenye sauti, aliyekuwa na jiko la nje lenye mafiga makubwa. Nyanya aliniambia tunakwenda kule kwa sababu jiko lake lina nafasi. Nilimwamini, maana kweli jiko letu lilikuwa dogo. Kwanza kaa waliachwa katika maji safi na chumvi mpaka wateme matope yote. Halafu nyanya aliwaosha mmoja mmoja, akawabandua maganda ya mgongo, akaitenga miguu midogo. Miguu hiyo tuliitwanga katika kinu pamoja na pilipili, tukaimiminia maji ya moto, tukaichuja kwa kitambaa. Yale maji ndiyo yaliyokuwa siri ya mchuzi. Mawese yanapata moto, vitunguu vinaingia, tomati zinaingia, halafu yale maji mekundu, halafu kaa wenyewe. Mwishoni kabisa alitia majani fulani aliyoyachuma njiani kando ya kijito, akiyasokota kiganjani. Mimi sikuwahi kuuliza jina lake. Kwa nini ningeuliza? Nilifikiri nyanya atakuwapo siku zote wa kuyachuma.

Tulikula nyuma ya nyumba, kwenye majani ya mgomba, bugali moja kubwa katikati. Mama jirani alifyonza miguu ya kaa kwa kelele bila haya, na nyanya, ambaye kanisani hata kukohoa alikohoa ndani ya leso, naye alifyonza vile vile. Kile cha manjano kilichobaki ndani ya ganda kilikuwa changu. Nilikipangusa kwa bugali mpaka ganda likang'aa. Kama kuna siku nilimpenda nyanya kuliko vitu vyote, ni siku hizo, mdomo wake umepakaa mawese, anamchokoza mama jirani kwamba akiendelea hivyo atameza na jani la mgomba.

Kanisani nyanya alikuwa mtu. Alikaa benchi la mbele, kilemba cheupe, na yeye ndiye aliyepika mkate wa meza ya Bwana. Alikuwa na kikaango chake kidogo kwa kazi hiyo peke yake, kinafungwa katika kitambaa, hakuna kitu kingine kinachoingia humo. Siku ya kupika mkate hakusema na mtu mpaka amalize. Mimi nilikaa mlangoni nafukuza kuku.

Basi, siku moja mwalimu wa watoto alitupanga mbele ya kanisa lote. Kila mtoto aseme jambo moja analomshukuru Mungu. Wa kwanza akasema uhai. Wa pili akasema uhai. Wa tatu akasema wazazi na uhai. Mimi niliona ni aibu kurudia maneno ya wenzangu. Nilimtazama nyanya pale mbele, amenyoosha shingo, anatabasamu, anangoja nimpe heshima. Nikatafuta moyoni kitu kizuri kuliko vyote alivyonifanyia. Kuhusu vyakula vilivyokatazwa nilikuwa nimesikia mahubiri, ndiyo, lakini mimi nilifikiri wanasema nguruwe. Nikapaza sauti: "Mi namushukuru Mungu juu ya kaa yenye nyanya anatupikiaka kule kwa mama jirani!"

Ee Mungu wangu. Mpaka leo nikikumbuka masikio yanawaka.

Hakuna aliyecheka. Nikaona akina mama wanaangaliana. Pasta alikuwa mtu mpole, sitaki kumsema vibaya. Alimfungulia nyanya mlango kabisa. Alitabasamu akasema: "Mama, batoto banaota. Huyu ameota, si ndiyo?" Kilichobaki ni nyanya aitikie kwa kichwa tu. Watu walikuwa tayari kucheka na kuendelea na wimbo.

Nyanya alisimama. Alishika benchi kwa mkono mmoja. Akasema: "Hapana, pasta. Mutoto hakuota. Amesema kweli. Kaa nilikamata mi, nilipika mi, na nilikula."

Walimtenga miezi mingi. Alirudishwa benchi la mwisho, karibu na mlango, mahali wanapokaa wageni na wenye watoto wanaolia. Mkate wa meza ya Bwana akapewa mama mwingine, nao ulitoka mgumu, watu wakautafuna kwa shida. Kikaango kilibaki kimefungwa juu ya kabati. Mimi nilingoja nichapwe. Nilingoja siku, nikangoja wiki. Hakunichapa, hakunigombeza, hakunitajia neno. Alinisuka nywele kama kawaida. Lakini kijitoni hatukwenda tena. Mama jirani alikuja kumwita mara tatu, mara nne, nyanya akajibu magoti yanauma. Hata adhabu ilipokwisha, hakupika kaa tena maisha yake yote, na benchi la mbele hakulirudia ingawa walimwita.

Nilikua na mzigo ule. Nilijifunza kunyamaza. Shuleni nilikuwa yule msichana asiyeinua mkono, na watu walinisifu kwa adabu. Adabu gani? Nilikuwa naogopa mdomo wangu.

Muda mfupi kabla sijaolewa nikampata nyanya peke yake, anamenya mihogo. Nikakaa, nikachukua kisu, nikamenya miwili mitatu. Halafu nikamuuliza kwa nini siku ile hakusema nimeota. Pasta alimpa njia, kila mtu aliona. Nilikuwa na machozi tayari, nakwambia.

Hakuacha kumenya. "Ningesema umeota, bangeniamini mi," akasema. "Mi mama muzima wa kanisa, weye mutoto. Na tangu siku ile ungekuwa mutoto wa bongo. Ukisema umegonjwa, bongo. Ukisema muntu amekugusa vibaya, bongo. Mukate banaweza kumupa mama mwingine. Jina yako, nani angekurudishia?"

Nikalia, nikamwomba msamaha. Akanipiga bega kwa mkono wenye maganda. "Msamaha ya nini? Ulinishukuru. Hakuna muntu mwingine alisimama kunishukuru mu ile kanisa."

Alikufa nikiwa nimeshahamia Uvira. Mama jirani aliondoka na wanawe, nasikia ni mbali sana. Ziwa lilipopanda lilichukua sehemu ya chini ya kijito, na huku juu maji yanashuka mekundu kwa udongo tangu vilima vilipokatwa miti. Nilikwenda kuangalia safari hii. Mawe yamefunikwa na mchanga, nikaingiza mkono majini nikatoa matope tu. Kaa niliowapika kwa rafiki yangu walikuwa wa ziwani, na mchuzi wangu ulikosa yale majani. Mtoto wangu akauona mtamu kwa sababu hajaujua ule mwingine. Hayo yote naweza kuyavumilia. Vitu vinapotea, watu wanakufa, ndivyo tunavyoishi huku kwetu. Lakini lile jambo nyanya alilonilindia kwa kupoteza benchi lake na mkate wake, mimi nimelitupa mchana kweupe, kwa kicheko kimoja, ili mama mkwe asininunie.

Siku tuliyorudi Uvira nilimwambia binti yangu: ulisema kweli, mama ndiye aliyesema uongo, unisamehe. Akajibu, "Ndiyo, mama," kwa ile sauti anayowajibia wageni. Kwa mama mkwe bado sijarudi kusema. Kila siku najipangia maneno, kila siku naona sababu ya kungoja.

Jana wakati wa chakula cha mchana jirani alibisha hodi. Mtoto akakimbia kufungua kama kawaida yake, nikamsikia anasalimia, halafu akarudi mbio mpaka kwangu, akanisogelea sikioni.

"Mama, anauliza kama baba iko. Nimuambie nini?"

Baba yake alikuwa ameketi pale pale mezani, anakula.